Karatasi 32 kwa shilingi 25,000: najibu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Ujiji alinitumia ujumbe wa sauti akisema nimemwibia. Amehesabu karatasi za daftari nililomuuzia, zipo 32, kwa shilingi 25,000, wakati kaunta buku ya kwaya tatu ina karatasi zaidi ya mara nne ya hizo na bei yake iko chini sana. Lawama hii naipata karibu kila mwezi. Imeniuma, kwa hiyo najibu.

Madaftari ninayoshona hapa Mwanga, Kigoma, si ya hesabu za duka. Ni ya kutua mzigo wa kichwani. Unabandika kipande cha kitenge, tiketi ya boti, picha ya gazeti, unapaka rangi, unaandika juu yake yanayokukosesha usingizi. Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi huandika madeni yote anayodai watu, halafu anayapaka rangi nyeupe mpaka hayasomeki. Anasema akishapaka, analala. Kwenye nyumba ambayo chumba kimoja mnalala wanne, kuandika kitu ambacho hakuna atakayekisoma ni jambo kubwa.

Wengine huniambia, "Mimi kuchora sijui." Hauhitaji kujua. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu 39 kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga na vipande vya kubandika kwa dakika 45, wakapima kotisoli, homoni ya msongo, kabla na baada. Kwa karibu robo tatu yao ilishuka, na waliozoea sanaa hawakutofautiana sana na wasioizoea.

Sasa karatasi. Rimu ya fotokopi imeandikwa gramu 80, yaani mita moja ya mraba ina uzito huo, na A4 moja ni gramu 5. Ya kaunta buku mara nyingi ni nyepesi zaidi. Mimi natumia ya gramu 200, A4 moja gramu 12 na nusu. Tena siinunui ikiwa imeshakatwa. Karatasi ina mkondo wa nyuzi kama ubao. Ukiikunja kwa kuukata mkondo, kunjo linavunjika na daftari halifungi vizuri. Kwa hiyo nanunua karatasi kubwa, nakata mwenyewe kwa kufuata mkondo, na vipande vinavyobaki ni hasara yangu. Nakunja nne nne, nashona kwa shazia na uzi uliopitishwa kwenye nta ya nyuki inayotoka Tabora. Mgongoni naweka vipande vyembamba vya manila kuacha nafasi, ili ukishabandika vitu daftari linenepe bila kufumuka. Kisha najalidi na kulibana chini ya mbao usiku kucha. Kazi hiyo haionekani kwa kuhesabu karatasi.

Kaunta buku ikipata gundi ya maji na rangi, inajikunja kama jani la mgomba lililokaushwa. Maka peni inapenya mpaka ukurasa wa tatu. Na masika, hewa ya ziwa ikiwa nzito, rangi inachelewa kukauka, watu wanafunga daftari mapema.

Mwalimu mmoja alifanya hivyo. Alikuwa amemzika mama yake, akaandika na kubandika kwa miezi, kisha akaiweka kaunta buku chini ya godoro. Alivyoniletea lilikuwa tofali. Tulikaa mchana mzima na draya ya nywele, maana gundi ikipata joto inalegea, tukitenganisha ukurasa mmoja mmoja kwa kisu chembamba. Ukurasa wenye kipande cha khanga ya mama yake ulichanika katikati. Alilia pale mezani kwangu, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Kama 25,000 haipo, sitakufukuza. Chukua hiyo hiyo kaunta buku, gandisha karatasi mbili mbili kwa gundi ya mbao uliyoipaka nyembamba, zikauke chini ya kitu kizito. Paka rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, tabaka moja, usubiri ikauke kabisa. Chana baadhi ya karatasi karibu na mgongo kupata nafasi, na kila unapofunga weka kipande cha nailoni katikati ya kurasa. Superglu usiiguse, inakuwa ngumu na karatasi inakatikia hapo. Ukijumlisha gundi, rangi na muda wako, utaona bei yangu imetoka wapi.

Dada wa Ujiji nimemwambia alilete daftari lake, hata kama limeshapakwa rangi. Tukikuta uzi umelegea au karatasi imeachia mgongoni, 25,000 yake namrudishia hapo hapo. Amesema atakuja Jumamosi asubuhi.