Barua kwa Mwanaidi: Nchi Isiyo na Mzaliwa

Roma, Italia

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Huku mimi mzima, ila baridi imeanza kuninyoosha. Bibi ninayemtunza yupo, miguu imechoka lakini ulimi bado mkali; jana kanigombeza mchana kutwa kwa sababu tambi zililainika kupita anavyotaka.

Ama baada ya salamu, ujumbe wako nimeupata na nimecheka. Kidato cha Pili wamekubana! Umewafundisha kwamba dola ina eneo, watu, serikali na mamlaka yake kamili, mmoja akanyoosha mkono: na Vatican je, mwalimu? Nawe badala ya kumkatisha ukamwahidi kuniuliza mimi ninayeishi nayo ukuta kwa ukuta. Haya, bibi kalala, nimeketi. Usitegemee mpangilio wa kitabu.

Eneo halina ubishi: hekta 44. Ukiizunguka kwa nje ukifuata ukuta, mwendo wa kawaida tu, saa nzima haiishi umesharudi ulipoanzia. Karibu nusu yake ni bustani. Na kituko ni kwamba Papa ana makazi na shamba kule Castel Gandolfo, kusini mwa Roma, hekta 55, yaani shamba limeizidi nchi! Lakini shamba hilo liko ndani ya Italia. Lina kinga kama za ubalozi, ila mpaka wa nchi haufiki kule.

Mpaka wenyewe ungewachekesha wanafunzi wako. Pande nyingi ni ukuta mrefu, ila upande wa Uwanja wa Mtakatifu Petro kuna mstari wa mawe meupe tu chini, unaounganisha ncha mbili za zile nguzo 284 alizozipanga Bernini, msanifu wa zamani wa Roma. Watu wanauvuka na koni ya aiskrimu mkononi, hakuna anayeuliza pasipoti. Wanaokagua mabegi ni polisi wa Italia, maana mkataba kati ya nchi hizi mbili uliwaachia Waitaliano ulinzi wa uwanja. Ndiyo maana Mehmet Ali Agca alipompiga risasi Papa Yohane Paulo II pale pale uwanjani, tarehe 13 Mei 1981, alihukumiwa na mahakama ya Italia na kufungwa katika jela ya Italia. Mkuu wa nchi kapigwa risasi kwenye ardhi yake, kesi ikasikilizwa kwa jirani. Hilo swali litie kwenye mtihani.

Lakini uwanjani ni kwa watalii. Mimi nchi hii nimeijulia kwenye geti la Mtakatifu Anna, kwa sababu ya dawa za bibi. Vatican ina famasia yake, ilianza mwaka 1874 chini ya mabruda wa Mtakatifu Yohane wa Mungu, na ina dawa ambazo wakati mwingine maduka ya Roma hayana. Basi nafika getini na cheti cha daktari na kitambulisho. Pale Walinzi wa Kiswisi hawavai zile nguo za mistari ya njano na bluu unazoziona kwenye picha. Wanavaa sare ya bluu isiyo na madoido na kofia ya bereti. Nasema "farmacia", kijana anatazama karatasi, anatazama sura yangu, ananielekeza. Ndani hakuna malaika wanaoruka, Mwanaidi. Kuna magari yameegeshwa kwa kubanana, posta, duka la vyakula la wafanyakazi, sista kakumbatia katoni la maji ya chupa, na monsinyori, yaani padri mwenye cheo, anayesubiri zamu yake ya dawa ya kikohozi kama mimi. Namba yangu ikiitwa nalipa kwa yuro, natoka, na hatua chache mbele niko Italia, basi za Roma zimechelewa kama kawaida.

Sasa watu. Hapo ndipo somo lako linapoanza kuyumba. Hakuna hospitali ya uzazi humo, na hata mtoto angezaliwa humo, kuzaliwa hakumpi uraia. Uraia wa Vatican unakuja na kazi na unaondoka na kazi. Kardinali anayekaa Roma, balozi wa Papa aliye nje, askari wa Kiswisi, na kwa ruhusa maalumu mke au mume na watoto wa mwenye kazi. Wote kwa pamoja hawafiki hata 1,000. Wauza dawa, mafundi bomba, walinzi wa makumbusho, wengi wao ni Waitaliano wanaoingia asubuhi na jioni wanarudi kwao. Na kazi ikikoma? Mkataba umeliona hilo mapema: asiye na uraia mwingine anahesabiwa kuwa Mwitaliano, asije akabaki hana kwao. Kwa hiyo ni nchi ambayo huwezi kusema babu yangu kazaliwa hapa, wala mjukuu wangu atazikwa hapa kwa haki ya damu.

Yule kijana wa getini ni mfano mzuri. Lazima awe Mswisi, Mkatoliki, hajaoa anapojiunga, umri kati ya miaka 19 na 30, urefu usiopungua mita 1.74, na amepitia mafunzo ya jeshi la kwao. Kikosi kilianzishwa na Papa Julius II mwaka 1506. Kwa kawaida tarehe 6 Mei wapya wanakula kiapo, mkono mmoja umeshika bendera, wa kulia uko juu na vidole vitatu vimenyooshwa, kwa sababu siku kama hiyo mwaka 1527 wenzao 147 waliuawa wakiwazuia wanajeshi wa Mfalme Karolo V wakati Papa Klementi VII anakimbilia ngome ya Castel Sant'Angelo kwa njia iliyo juu ya ukuta. Njia hiyo ipo hadi leo. Napita chini yake nikienda sokoni.

Serikali nitakwambia kwa kifupi, maana ni fupi yenyewe. Mihimili mitatu unayoichora ubaoni, hapa mishale yote inaelekea kwa mtu mmoja. Sheria ya Msingi, ile mpya ya mwaka 2023 na zile zilizoitangulia, inasema bila kuficha kwamba Papa ana mamlaka yote ya kutunga sheria, kutawala na kuhukumu. Ipo tume ya kutunga sheria, zipo mahakama, ipo ofisi ya kuendesha mji waiitayo Governatorato, lakini zote zinatumia mamlaka ya kukopeshwa. Tangu Machi 2025 Governatorato inaongozwa na mwanamke, Sista Raffaella Petrini, wa kwanza katika historia yao. Nilifurahi, sikufichi. Lakini nikajiuliza pia: sista anasimamia barabara, famasia, makumbusho na askari wa kawaida wa mji, na siku ya kumchagua mkuu wa nchi hana kura. Mimi Mkatoliki wa kubatizwa utotoni na hilo linanikera.

Kura yenyewe wanapiga makardinali ambao hawajatimiza miaka 80 kiti kinapokuwa wazi. Baada ya Papa Fransisko kufariki Aprili 2025 waliingia 133 katika Kikanisa cha Sistina, chini ya ile picha ya Hukumu ya Mwisho ya Michelangelo. Karatasi zina maneno ya Kilatini yaliyochapwa, na nafasi ya kuandika jina. Zikishasomwa kwa sauti, mhesabu kura anazitoboa kwa sindano, kila moja kwenye neno "Eligo", nachagua, anazitunga kwenye uzi kama ushanga, halafu zinaingia kwenye jiko la kuchoma. Moshi mweusi, bado, mweupe, amepatikana. Nilipenda kujua kwamba miongoni mwa walioandika jina alikuwemo Kardinali Protase Rugambwa wetu wa Tabora. Na Mwafrika mweusi wa kwanza kuupata ukardinali katika zama hizi, mwaka 1960, alikuwa Laurean Rugambwa. Wote wawili wa kwetu Kagera, kwa hiyo vumilia majivuno yangu.

Tarehe 8 Mei jioni nilikuwa uwanjani, bibi mwenyewe kanifukuza nyumbani niende. Shakwe walikuwa wamejikalia karibu na bomba la moshi, watu wanawapigia picha wao. Moshi mweupe ulipotoka palikuwa na kelele kama za Simba na Yanga. Halafu kardinali akatoka roshani akatangaza jina kwa Kilatini, na pale nilipokuwa watu wakatazamana: nani? Ndiye huyu Papa Leo XIV, Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago aliyefanya kazi miaka mingi Peru. Yaani siku ile Mmarekani mmoja aliamka kardinali, akalala mfalme.

Utamaduni wao wa kila siku ni wa Kiitaliano, chakula na lugha. Kilatini kimebaki kwenye hati kubwa, na kwenye mashine za kutolea pesa za benki yao, ambazo zina Kilatini kati ya lugha zake. Kwenye kanisa kuu mabega na magoti yafunikwe. Wenzetu wa Ulaya wakati wa joto wanarudishwa mlangoni, mimi na kanga yangu napita. Na Warumi hawana adabu: namba za magari rasmi ya Vatican huanza na SCV, kifupi cha jina la nchi kwa Kiitaliano, wao wanasema kirefu chake ni "Se Cristo vedesse", laiti Kristo angeona.

Lakini swali la mwanafunzi bado sijalijibu. Mwambie hivi. Zamani Papa alikuwa mfalme wa eneo kubwa katikati ya Italia. Tarehe 20 Septemba 1870 jeshi la Italia lilibomoa ukuta pale Porta Pia likaingia Roma, na Papa Pio IX akajifungia Vatican akagoma kuitambua serikali mpya. Mapapa waliomfuata wakagoma vilevile, miaka 59. Katika miaka yote hiyo Papa hakuwa na nchi inayotambuliwa, na bado mataifa yaliendelea kupeleka mabalozi kwake na yeye kupeleka wake. Maana balozi hatumwi kwa hizi hekta 44; anatumwa kwa Kiti Kitakatifu, yaani Papa na mamlaka yake juu ya Kanisa. Hata leo hakuna ubalozi hata mmoja ndani ya ukuta. Zilizoko huku ziko Roma, nje ya ukuta, pamoja na wa Italia.

Tarehe 11 Februari 1929 Kardinali Pietro Gasparri kwa niaba ya Papa Pio XI, na Benito Mussolini kwa upande wa Italia, wakatia sahihi Mkataba wa Laterano, na nchi hii ikazaliwa. Ilikatwa ndogo, ya kumtosha Papa asiwe raia wa mfalme mwingine. Kwa kawaida watu wana ardhi, wanaunda serikali, serikali inatuma mabalozi. Hapa mabalozi walitangulia, ardhi ikaja baadaye, na watu wanaajiriwa. Kwa hiyo vigezo vyako vinne vipo, ila vimeingia kwa mlango wa nyuma. Mpe mtoto alama zake.

Stempu ya barua hii ni ya Vatican. Inafanya kazi kwenye masanduku yao ya njano tu. Ukiitia kwenye sanduku jekundu la Italia barua haiendi. Ibandue kwa mvuke wa birika, usiichane, umpe yeye. Na uniandikie haraka kuhusu ule uhamisho wako: mkuu wa shule amesaini au bado anakuzungusha?

Wasalimie wote Tanga.

Ni mimi shoga yako,
Devota