Simu kumwandikia mtoto si wizi

Mhariri, mi ni mzazi wa kijana wa gredi ya 7 hapa Nakuru, ana disleksia, yaani kusoma na kuandika kunamsumbua, ukimwambia akupigie hadithi atakupigia mpaka chai ipoe lakini mpe kalamu uone, mistari miwili na herufi zimegeuka. Juzi nikamwekea Gboard, ile kibodi ya Google, kwa simu yangu, yeye anaongea Kiswahili simu inaandika (hii kitu ipo tangu 2017 na watu hawajui!), akatoa insha ya ukurasa mzima. Koma na nukta bado anaweka mwenyewe, halafu simu ikimsomea anashika makosa haraka sana. Sasa mwalimu anasema eti huo ni udanganyifu. Kwani miwani nayo ni udanganyifu? Wizara itoe mwongozo kwa walimu wa JSS (sekondari ya chini), tunangoja.

Mzazi, Nakuru