Kioo cha laptopu: fungua kwanza, dukani baadaye

Ndugu Mhariri,

Tafadhali nipatie nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu vioo vya laptopu vilivyopasuka. Kazi ya kubadilisha kioo si ngumu. Mtu mtulivu mwenye bisibisi ndogo ya nyota na meza safi huimaliza ndani ya saa moja. Kinachowatia watu hasara ni manunuzi. Mteja anaingia dukani Kariakoo, anasema anataka kioo cha HP cha inchi 14, anapewa, anafika nyumbani hakiingii. Au kinaingia lakini hakiwaki. Akirudi anaambiwa amekiunguza mwenyewe, na hapo ubishi hauna mwamuzi.

Jina lililochapwa juu ya mfuniko halitoshi kununulia kioo. Lenovo ThinkPad T480, kwa mfano, ilitoka kiwandani na kioo cha nukta (vitone vinavyounda picha) 1366 kwa 768, au 1920 kwa 1080, au hicho cha 1920 chenye tachi, yaani cha kugusa kwa kidole, au 2560 kwa 1440. Zote ni T480 na zote ni inchi 14. HP EliteBook 840 G3 nayo ni hivyo hivyo. Mashine kama hizi ndizo zimejaa kwenye maduka ya mtumba, na mashine ya mtumba huenda ilishabadilishwa kioo kabla haijapanda meli. Anayejua ukweli ni kioo chenyewe kilichopasuka, kwa sababu kina stika mgongoni. Kwa hiyo fungua kwanza, soma stika, ndipo uende dukani.

Kabla ya kufungua, hakikisha mgonjwa ni kioo kweli. Unganisha laptopu na runinga kwa kebo ya HDMI. Picha ikitoka safi kwenye runinga, sehemu ya bodi (ubao mkuu wa saketi) inayotengeneza picha ni nzima. Kwenye kioo chenyewe, doa jeusi kama wino uliomwagika au nyufa zinazotawanyika kama utando wa buibui hazihitaji mjadala. Lakini mistari inayokuja na kupotea unapoinamisha mfuniko mara nyingi ni kebo iliyochoka kwenye bawaba, na kioo kipya hakitaitibu. Kioo kikiwa giza tupu, kimulike kwa tochi pembeni: ukiona picha hafifu, ni taa ya nyuma iliyokufa, na huenda ni fyuzi tu kwenye bodi. Wenye Dell wana njia ya mkato: zima mashine, shikilia herufi D huku ukibonyeza kitufe cha kuwashia, kioo kitapita rangi moja baada ya nyingine bila kuhusisha Windows.

Sasa umeme. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na ndipo watu wanapopita mbio. Ndani ya kebo ya kioo kuna njia ya volti 3.3 ya kuendesha kioo, na kando yake njia ya taa ya nyuma ambayo kwenye mashine nyingi hubeba volti za betri au chaja moja kwa moja, 12 hadi 20 hivi. Ukichomeka kichwa cha kebo kikiwa kimeinama kidogo tu, pini mbili zikigusana, fyuzi ya taa inakatika. Fyuzi hiyo ni ndogo kama punje ya ufuta, na kuibadilisha ni kazi ya fundi mwenye mashine ya hewa moto. Kuzima kompyuta hakutoshi, maana betri bado imeshikana na bodi. Chomoa chaja. Betri ikiwa ya nje, itoe. Ikiwa ya ndani, fungua mfuniko wa chini na uchomoe kichwa chake, au kwenye ThinkPad nyingi ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows), sehemu ya Power, uchague kuzima betri ya ndani. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe.

Kama kioo kinamwaga vigae, kibandike solotepu pana uso mzima kabla hujakigusa. Feni izimwe. Wakazi wa pwani watanuna, lakini vumbi na skrubu za milimita mbili havipatani na upepo.

Fremu ya plastiki inayozunguka kioo huja kwa namna mbili. Ya zamani ina skrubu mbili hadi sita zilizofichwa chini ya vipande vya mpira au stika, kisha vishikizo. Toa skrubu zote, ingiza ukucha au kadi ya laini ya simu upande wa ndani wa fremu, katikati ya ukingo wa juu, halafu sogea pole pole. Utasikia vishikizo vikiachia kimoja kimoja. Ukisikia mlio mmoja mkubwa, simama, kuna skrubu umeisahau. Karibu na bawaba plastiki ni nyembamba kuliko kwingine, hapo usitumie nguvu. Namna ya pili ni fremu nyembamba iliyobandikwa kwa gundi, kama kwenye EliteBook 840 G5. Hiyo ipashe moto kwa draya ya nywele, dakika moja au mbili kila upande, joto la kuvumilika mkononi, ndipo uinue. Bisibisi bapa ya chuma ibaki kwenye boksi. Huacha alama ambazo hazifutiki.

Kioo kimeshikwa kwa skrubu nne za pembeni, au kwa mikanda ya gundi inayovutika iliyopita nyuma yake kulia na kushoto. Mikanda hiyo huvutwa kwa kulazwa, sambamba na kioo, taratibu sana, inarefuka kama ubani wa kutafuna. Ukiivuta kwa pupa au kuielekeza juu inakatika, na hapo itabidi upitishe uzi wa kuvulia samaki nyuma ya kioo ukikata gundi kama msumeno. Kikishaachia, kilaze kifudifudi juu ya kibodi uliyoitandikia kitambaa laini. Kebo bado imeshikana, usikivute.

Sasa uko mbele ya mgongo wa kioo, na hapa usiwe na haraka. Piga picha ya stika nzima, na picha ya pili ya kichwa cha kebo. Kati ya misimbo mingi iliyopo, tafuta unaoanza kwa herufi na kufuatiwa na ukubwa. B140HAN, kwa mfano: B ni mtengenezaji AU Optronics, 140 ni inchi 14.0, H ni nukta 1920 kwa 1080. Mahali pa H pakiwa na X, ni 1366 kwa 768. Vya BOE huanza NT au NV. Ndani yake FHM ni 1920, WHM ni 1366. Vya LG huanza LP, ambapo WF ni 1920 na WH ni 1366. Innolux huanza kwa N na namba moja kwa moja, kama N156HCA. Nakili msimbo wote pamoja na tarakimu za mwisho zinazofuata kistari au nukta, maana zile ndizo hutofautisha soketi (tundu la kuchomekea kebo) na masikio (vibamba vya kukishikia kioo).

Huhitaji kioo cha mtengenezaji yule yule. Unahitaji mambo manne yalingane: ukubwa, idadi ya nukta, soketi, na namna ya kushikwa.

Soketi ya pini 30 ndiyo ya kawaida kwa laptopu za kuanzia 2013 hivi, upana wake kama sentimita 2. Ya pini 40 ni pana zaidi, kama sentimita 2.5, na hutumika kwenye vioo vya kasi ya hezi 120 kwenda juu, vya 4K, na baadhi ya vya tachi. Lakini kuna mtego: laptopu za kabla ya 2013 hivi pia zilikuwa na pini 40, za mfumo wa zamani wa kupeleka picha uitwao LVDS, wakati za sasa ni za mfumo uitwao eDP. Soketi hizo mbili huingiliana bila kelele, umeme wake ndio hauelewani hata kidogo. Kwa mashine kongwe hesabu ya pini pekee ni kiapo cha uongo, linganisha msimbo.

Namna ya kushikwa ni masikio ya chuma: juu na chini, kulia na kushoto, au hayapo kabisa. Kioo cha inchi 15.6 kisicho na masikio kina upana wa kama milimita 350, chenye masikio mara nyingi ni kama 359. Wapo wauzaji wanaoyakata masikio kwa koleo mbele ya mteja ili kioo kiingie. Kataa. Masikio mengi ni sehemu ya fremu ya chuma iliyobeba kioo, na mtikisiko wa koleo huacha ufa unaojitokeza wiki ya pili.

Wanaotaka kuchukua nafasi hiyo kupanda kutoka 1366 hadi 1920 wajue kwamba nukta zinakaribia kuongezeka maradufu, kwa hiyo kebo lazima iwe na njia mbili za data. Laptopu nyingi zilizouzwa na kioo cha 1366 zina kebo ya njia moja. Kioo kipya kitabaki cheusi ilhali hakina kosa. Nunua na kebo yake au baki na 1366.

Kuhusu tachi, nawashauri wanaoanza wasiguse zile ambazo kioo cha juu kimegundishwa na cha ndani. Nunua vyote viwili vikiwa vimeshikana tayari, ingawa bei inapanda. MacBook za Retina nazo hubadilishwa mfuniko mzima. Hiyo si kazi ya mezani kwako.

Kuchomoa kebo: inua solotepu iliyoifunika, itunze. Kama kuna kijichuma chembamba kinachopita juu ya kichwa, kigeuze kwanza. Kisha sukuma kichwa kitoke kwa mlalo, kuelekea upande kebo inakotokea, ukisaidia kwa kucha kulia na kushoto kwa zamu. Anayekivuta kwenda juu anang'oa soketi.

Kipya kichomeke kwa mlalo vile vile hadi mstari wa kichwa ulingane pande zote mbili, bandika solotepu yake, kilaze kwenye kibodi bila skrubu hata moja, rudisha betri na uwashe. Usifunge chochote kabla ya jaribio hili. Fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, uangalie nukta zilizokufa na madoa meupe. Pandisha na kushusha mwanga. Jaribu kamera, kwa sababu waya wake mara nyingi ni tawi la kebo hiyo hiyo. Kioo kikiwa cheupe kitupu, taa imefika na data haijafika: zima, toa betri tena, chomeka upya. Kikiwa cheusi huku Windows ikisikika, shaka ya kwanza ni kichwa kilichokaa upande, ya pili ni fyuzi.

Kufunga ni kurudi ulikotoka, ila angalia nyaya nyembamba, mmoja mweusi na mwingine mweupe, za antena ya Wi-Fi zinazopita ukingoni. Zikibanwa na fremu, intaneti itasuasua na hakuna atakayehisi chanzo ni kioo. Skrubu ndefu isiingie pa fupi: itasukuma mgongo wa kioo na kuacha doa jeupe la kudumu. Kabla ya kubana fremu, fungua na ufunge mfuniko mara tatu. Bawaba ikiwa ngumu kiasi cha kuinua laptopu nzima, legeza nati yake robo mzunguko, la sivyo kioo kipya kitapasukia pembe ile ile. Karatasi ya kinga ibanduliwe mwisho kabisa.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo, Mhariri. Risiti iandikwe msimbo kamili wa kioo, si "kioo cha laptopu" tu, na kioo kiwashwe mbele ya mteja kabla ya fedha kubadilishana mikono. Duka lenye laptopu moja ya kujaribia ya pini 30 na nyingine ya pini 40 linaweza kufanya hivyo kwa dakika tano, na ule ubishi wa nani kakiunguza ukaishia hapo hapo kaunta.

Na mnunuzi, kioo kilichopasuka usikitupe siku hiyo. Kizungushie gazeti, kikae juu ya kabati hadi muda wa dhamana uishe. Ukirudi dukani kudai, stika ya mgongoni mwake ndiyo shahidi wako.

Fundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam