Barua kutoka Kurasini

Ndugu yangu mpendwa,

Najua habari za ajali ya kreni zilikufikia huko Tanga kabla ya barua hii, na kwa jinsi watu wa bandarini wanavyosimulia, huenda umeambiwa kwamba opereta alikuwa amelewa na kwamba mimi nimekatwa mguu. Yote mawili si kweli. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika chini ya goti na umetiwa chuma, nami nakuandikia nikiwa nimeuweka juu ya kigoda kama mgeni wa heshima.

Siku ile tulikuwa tukishusha jenereta ya tani 6 kutoka kwenye lori, kwa kreni ya magurudumu iliyoandikwa tani 25. Tulipoomba kutazama chati, lile jedwali la uzito ambao kreni inaweza kuinua kwa kila umbali, msimamizi alicheka na kuuliza tani 6 zitaishindaje tani 25. Wewe huhitaji kuelezwa kwamba hizo 25 ni za mzigo ulio karibu kabisa na kreni, kama mita 3 hivi, na kwamba kila mzigo unaposogezwa mbali uwezo hupungua, hata ikifika mita 12 kreni ya aina ile hubaki na tani chache tu. Opereta hakumsikiliza. Aliisogeza kreni mara mbili mpaka akapata umbali unaokubalika, na kwa upande wa chati hakuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa ardhini. Mguu wa nyuma wa kulia wa kreni, mmoja wa ile ya chuma inayotolewa pembeni kuitegemeza, ulisimama mahali palipochimbwa mtaro wa bomba la maji mwezi mmoja kabla, kisha pakafukiwa mchanga bila kushindiliwa na kumwagiwa kokoto juu, na mvua za masika zilikuwa zimenyesha siku tatu mfululizo. Mzigo ulinyanyuka vizuri. Kreni ilipogeuka na mkono wake kuelekea pembe ile, sehemu kubwa ya uzito, wa kreni yenyewe pamoja na wa jenereta, iliuelemea mguu mmoja, nao ukazama. Sikusikia mlio wa kitu kukatika. Niliona tu jenereta ikielea kwenda mahali ambapo hakuna aliyeipeleka. Opereta angeweza kuruka, lakini alibaki kitini akaushusha mzigo upesi, na ndiyo sababu kreni haikupinduka. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya kuongozea, karibu kuliko inavyoruhusiwa, na jenereta ilipogonga ubavu wa lori na kulala upande, ikanibana.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Taarifa ya kampuni imeandika uzembe wa opereta, naye amesimamishwa kazi. Lakini aliyeweka vibao chini ya miguu ya kreni ni mimi, na mtaro ule niliuona ukichimbwa. Nilikunywa hata chai na vibarua waliouchimba. Unakumbuka mzee aliyetufundisha alivyokuwa akitulazimisha kulaza magogo marefu, safu mbili za kukingamana, hata juu ya zege? Siku ile magogo yalikuwa nyuma ya ghala, dereva wa lori alikuwa akipiga honi, nami nikaweka kibao kimoja kimoja.

Fomu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi zimekwisha kujazwa, kwa hiyo kuhusu matibabu usiwe na wasiwasi. Msimamizi alikuja kunitazama hospitali na machungwa, akaniuliza mara mbili kama kweli ninakumbuka vizuri yaliyotokea. Machungwa niliyapokea.

Mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, atanihoji mwisho wa mwezi, na nitamweleza habari za mtaro na za kibao. Kama bado unalo daftari letu la mafunzo, lenye mchoro wa magogo alioutia alama mzee kwa kalamu nyekundu, tafadhali nitumie kwa basi kabla ya siku hiyo. Langu lililowa zamani.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Kurasini, Dar es Salaam