Barua kwa mwanangu aliye ndani ya arobaini

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Bibi yako anakusalimu, na anasema mume wake mdogo abusiwe kwa niaba yake. Kifua chake kimeanza kupata nafuu, ila usiku bado siwezi kumwacha peke yake. Ndiyo maana hujaniona hapo kwako wakati ambao ilinipasa niwe wa kwanza kukupokea mtoto. Barua hii nimempa kaka yako aje nayo mkononi. Simu yako mara nyingi inapokelewa na wengine, spika imewashwa, na haya ninayotaka kukwambia yanataka uyasome ukiwa peke yako, uyarudie, halafu umpe mume wako naye ayasome.

Juzi uliniambia maneno mawili matatu ukanyamaza. Kwamba mtoto akilala wewe hulali. Kwamba wageni wanakuja na zawadi, unawaitikia tu, wakiondoka unajifungia chooni unalia. Kwamba unamtazama mtoto na huisikii ile furaha uliyoambiwa utaisikia. Mwisho ukasema, "Nadhani sina shukrani, mama." Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nimefanya kazi ya ukunga kabla hujazaliwa mpaka nilipostaafu, na nimelisikia neno hilo vinywani mwa wanawake wenye shukrani tele. Walikuwa wanaumwa, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ule ni ugonjwa.

Ngoja nikueleze mwili wako umepita wapi. Miezi yote ya mimba, kondo la nyuma lilikuwa linatengeneza homoni za estrojeni na projesteroni kwa wingi ambao mwili wako haujawahi kuuona. Kondo lilipotoka, chanzo chake kikakatika. Ndani ya siku mbili tatu homoni zote mbili zilishuka mpaka pale zilipokuwa kabla hujabeba mimba, na katika maisha ya mwanamke hakuna kipindi kingine zinaposhuka kwa kasi namna hiyo. Tena projesteroni, mwili unapoivunja, hutoa kitu kiitwacho alopregnanoloni ambacho kazi yake mojawapo ni kuutuliza ubongo. Hufanya kazi kwenye vipokezi, yaani milango ya seli za ubongo, vya aina ileile ambavyo diazepamu, dawa ya kutuliza, huvigusa. Projesteroni ikiporomoka, na kitulizo hicho kinaporomoka nacho. Ongeza kukosa usingizi, kidonda, maziwa yanayojaa na chuchu zinazouma, uone mzazi anabeba nini.

Kwa hiyo kulia siku ya tatu, ya nne, ya tano si ajabu hata kidogo. Zaidi ya nusu ya wazazi hupitia hali hiyo: machozi bila sababu, hasira za ghafla, moyo mwepesi. Huanza siku za mwanzo na huisha yenyewe kabla ya wiki mbili kutimia. Haihitaji dawa, inahitaji watu wapole na usingizi. Wewe sasa una wiki tatu na siku, na badala ya kupungua inazidi. Hapo ndipo mimi kama mkunga naacha kusema "itapita". Huzuni inayovuka wiki mbili, au inayomzuia mzazi kula, kulala na kumhudumia mtoto, inaitwa sonona baada ya kujifungua, na inatibika.

Najua utauliza, kama homoni zinashuka kwa kila mwanamke, mbona wifi yako alizaa akacheka toka siku ya kwanza? Swali hilo watafiti wa Marekani walilifanyia kazi vizuri mno, wakachapisha majibu mwaka 2000. Waliwachukua wanawake 16, wanane waliowahi kupata sonona baada ya kujifungua na wanane ambao hawakuwahi. Hakuna aliyekuwa na mimba wala mtoto mchanga. Wakawazima homoni zao kwa dawa, kisha kwa wiki nane wakawapa estrojeni na projesteroni nyingi ili miili yao ifanane na ya wajawazito, halafu wakaziondoa kwa ghafla bila wao kujua siku. Kati ya wale wanane waliowahi kuumwa, watano dalili ziliwarudia. Kati ya wale wengine, hakuna hata mmoja.

Soma tena hapo, mwanangu. Homoni zilezile, kipimo kilekile, mshuko uleule, na hakuna mtoto mchanga anayelia wala mama mkwe ndani ya nyumba. Tofauti ilikuwa ni namna ubongo wa kila mmoja unavyoupokea mshuko huo. Hakuna aliyekuwa mvivu, hakuna aliyepungukiwa na imani, hakuna aliyekuwa hampendi mwanawe. Mtu akikwambia umedekezwa, kumbuka wanawake wale watano.

Sisemi kwamba maisha hayana sehemu yake. Mzazi aliyewahi kuwa na sonona huko nyuma, aliyejifungua kwa shida, mwenye mume mgomvi, asiye na ndugu karibu au anayewaza kodi ya nyumba, huyo yuko hatarini zaidi. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba duniani kote kama asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hufika asilimia 19.8. Yaani karibu mmoja kati ya watano. Siku ya kliniki ukikaa kwenye lile benchi, hesabu akina mama waliokuzunguka.

Kuna maswali kumi yaliyotungwa Edinburgh, Uskoti, yakachapishwa mwaka 1987, na mpaka leo wakunga wa nchi nyingi wanayatumia. Yanahusu siku saba zilizopita tu: kama umeweza kucheka, kama kuna jambo unalingoja kwa hamu, kama umejilaumu bure, kama umeingiwa na wasiwasi au hofu isiyo na sababu, kama mambo yamekuelemea, kama umekosa usingizi kwa ajili ya huzuni, kama umelia, na la mwisho kama wazo la kujidhuru limekujia. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 30. Wengi huichukua 13 na kuendelea kuwa dalili kwamba mama huenda anaumwa na apimwe na mtaalamu, na wengine huanza kushtuka kwenye 10. Swali la kumi halingojei jumla. Kama jibu lake ni ndiyo, hata mara moja moja, unamwambia mtu siku hiyohiyo. Unaniambia mimi, hata iwe saa nane za usiku.

Na kuna jambo ambalo wazazi hawalisemi kwa aibu. Wengi hupitiwa na picha mbaya kichwani: mtoto anadondoka, maji ya moto yanammwagikia, au mkono wako wenyewe unamdhuru. Mama anatetemeka, anaogopa kushika kisu, anaogopa kubaki naye. Kama imekupata, ujue kule kuogopa kwako kunaonyesha kwamba hutaki. Picha hizo huja sana pamoja na wasiwasi wa uzazi, na muuguzi anayejua kazi yake hatakunyang'anya mtoto kwa kuzitaja.

Kichaa cha uzazi ni kitu kingine kabisa, nacho humpata mama mmoja au wawili katika kila 1,000. Mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za kwanza, tena kwa ghafla. Mama halali usiku kucha wala hachoki, maneno yanamtoka mbio, anasikia sauti, anaamini mtoto amebadilishwa au ametumwa. Kwako sijakiona, ila nakiandika ili mume wako akijue. Huyo anapelekwa hospitali siku ileile, na mtoto asiachwe naye peke yake. Dua zisomwe, nami nitazisoma, lakini zisomwe njiani kwenda hospitali. Nimeona nyumba zilizoanza kwa mganga, na sitaki kuona nyingine.

Sasa matibabu. Kwanza wapime mwili, maana kuna mawili yanayojificha ndani ya huzuni ya mzazi. Ulitoka damu nyingi, na upungufu wa damu peke yake unamfanya mtu awe mzito, asitake kitu. La pili ni tezi ya shingo. Kama wanawake 5 hadi 10 katika kila 100 hupata uvimbe wa tezi hiyo ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Mwanzoni moyo unakwenda mbio na jasho linatoka, miezi michache baadaye tezi inalegea, mama anachoka, ananenepa, anasikia baridi, anahuzunika. Kipimo chake ni cha damu, kinaitwa TSH. Mara nyingi hakuna anayekiagiza kama mama hajauliza, kwa hiyo uliza.

Kama ni sonona yenyewe, mazungumzo ni tiba kamili, si maneno matupu ya kupoza. Huko Pakistani, vijijini karibu na Rawalpindi, wahudumu wa afya wa kawaida, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, walifundishwa kukaa na mama mwenye sonona na kumsaidia kuyapinga mawazo yanayomwangusha, kumjali mtoto na kuwarudia watu wake. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi sita, akina mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na kwa wale waliotembelewa bila mafunzo hayo ilikuwa asilimia 53. Hawakuwa madaktari bingwa, walikuwa wanawake wenye elimu ya sekondari. Ninapenda sana habari hiyo, maana wahudumu wa namna hiyo na sisi tunao.

Daktari akiona inafaa dawa, usiikimbie kwa sababu ya kunyonyesha. Setralini ndiyo inayopendelewa zaidi kwa anayenyonyesha, kwa kuwa inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Haifanyi kazi kesho yake, huchukua wiki kadhaa, na ukishapata nafuu hukatizi ghafla. Unaendelea miezi sita au zaidi kisha daktari anakupunguzia. Usinunue chochote duka la dawa kwa kushauriwa na jirani. Marekani wana vidonge vya zuranoloni, vilivyoidhinishwa mwaka 2023, vya kumeza siku 14, ambavyo hufanya kazi kama ile alopregnanoloni iliyoporomoka. Nakutajia si kwa ajili ya kuvitafuta. Nataka uone kwamba wanasayansi wameufuata ugonjwa huu mpaka ndani ya kemia ya ubongo, wakaukuta huko.

Arobaini mimi naitetea. Mzazi kukandwa, kupikiwa uji wa pilipili manga na supu, kutoguswa na ndoo wala ufagio, hiyo ni hekima ya mama zetu, na wanawake wengi wa mijini siku hizi hawaipati. Ninachokikataa ni ile amri ya kumtaka mzazi akae na uso wa sherehe. Wageni wapunguzwe. Mama mkwe wako ni mtu mwema, nimemfahamu miaka, na akiambiwa kwa adabu ataelewa. Mwambie hivi: "Mama, naumwa, naomba unisaidie nilale." Usiku mtoto apokelewe na mtu mwingine walau saa nne au tano mfululizo. Kamua maziwa jioni, baba yake amnyweshe kwa kikombe. Usingizi huo mmoja usiokatwa nimeuona ukimrudishia mama nusu ya akili zake. Na wewe mkwe wangu, ukifika hapa ujue nakusemesha wewe: usimuulize mkeo ana nini. Mshike mtoto.

Uzazi wa mpango watakuuliza ukifika wiki sita. Sonona haikukatazi kutumia njia yoyote kwa sababu yake tu, lakini waambie ulivyo. Sindano ikishachomwa haitoki mpaka miezi mitatu ipite, kijiti kinaweza kutolewa, na kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Vidonge vyenye homoni mbili havishauriwi kwa anayenyonyesha kabla ya miezi sita. Kwa hali yako ya sasa mimi ningechagua kitanzi, au njia inayotoka siku nitakayotaka itoke, ila mwili ni wako na mazungumzo ni yako na mumeo.

Kaka yako atakaa Dar mpaka Alhamisi. Jumatatu asubuhi nendeni naye kliniki, mtoto mkiwa naye, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ukifika usiseme "nimechoka tu". Sema: "Nimejifungua wiki tatu zilizopita, silali hata mtoto akilala, nalia kila siku, naomba kupimwa sonona." Wakikwambia ni kawaida, uliza kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, na Muhimbili wanayo idara yao. Nauli na pesa ya vipimo anazo kaka yako, usibishane naye. Karatasi za majibu zipige picha unitumie, nizisome kabla hujaanza dawa yoyote. Mama mdogo anakuja kukaa na bibi yako mwisho wa wiki, na Jumamosi nitapanda basi la alfajiri.

Mama yako