Stroberi za Lushoto zisipandishwe basi ndani ya ndoo

Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa kilimo ulitoa picha ya kijana wa Lushoto amekumbatia ndoo ya lita 10 iliyofurika stroberi. Picha nzuri, sikatai, na ile rangi ilinimezesha mate. Lakini mimi nimeshaipokea ndoo kama ile hapa Tanga, na nilipoiona gazetini roho ilinishtuka.

Napika kashata, visheti na vileja hapa Ngamiani, huu mwaka wa 19. Mambo ya stroberi nimeingizwa na mdogo wangu, aliyeolewa Soni. Kila akija kututazama hubeba kikapu cha matunda ya kwao, plamu ikiwa msimu wake, na siku moja akaja na stroberi. Wajukuu wakala wakashiba, zikabaki kiasi cha bakuli. Nilikuwa nimeshakuna nazi. Nikasema ngoja nijaribu.

Mara ya kwanza niliharibu. Stroberi karibu yote ni maji, sehemu tisa katika kumi, kwa hiyo ukiitia mbichi kwenye nazi kashata haigandi, unabaki na uji mtamu wa kula kwa kijiko. Siku hizi nazikatakata kwanza, nazitia sufuria pana na sukari bila tone la maji, moto mdogo. Zinatoa maji yake zenyewe, povu la waridi linapanda, naliengua (hilo povu wajukuu wanapigania, nusura wavunje kisahani). Kisha nakamulia ndimu. Pera lina kitu chake cha kugandisha, ndiyo maana jemu ya mapera haikusumbui; stroberi inacho kidogo tu, na ukali wa ndimu ndio unaokifanya kishike. Mwiko ukipita ukaacha njia chini ya sufuria, naingiza nazi na iliki. Iliki yenyewe ni ya Amani, basi hapo motoni Usambara zote mbili zimekutana, ya mashariki na ya magharibi, na nazi ya Pangani katikati yao.

Inatoka ya waridi, na mteja wangu wa kwanza aliikataa. "Bi mkubwa, hii rangi leo umezidisha." Sikutia rangi hata chembe! Tumezoea ubuyu wa rangi ya unga, mtoto akila ulimi unakuwa kama kidau cha wino, sasa mtu akiona wekundu wa kweli anautilia shaka. Nilimpa kipande bure. Kesho yake alirudi na wenzake wawili.

Basi mwaka jana nikajitia ushujaa, nikaagiza mzigo wa maana. Mchuuzi wa huko juu tuliongea kwa simu, nikatuma pesa, naye akapakia ndoo kwenye basi la asubuhi. Ile njia mnaijua. Kona za kutoka Soni mpaka Mombo, kisha joto la Mombo lenyewe, Korogwe, Segera, Muheza, na kila kituo konda anasukuma mzigo mwingine juu ya wako. Nilipofungua kifuniko pale stendi nilipokewa na harufu ya togwa lililochacha. Juu, kina cha kiganja, stroberi nzuri zinang'aa. Chini yake zilizolowana ubavu mmoja. Chini kabisa ni mchuzi, na vikonyo vinaelea kama majani ya chai.

Katikati ya mchuzi huo kulikuwa na nyingine ngumu, nyeupe mabegani. Nikampigia yule bwana. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, hizo tulizichuma hivyo makusudi, zitaivia njiani."

Hapa ndipo nataka wakulima wanisikilize. Ndizi unaivundika inaiva. Embe unalifunika kwenye pumba linaiva. Nyanya ukiiacha dirishani inaiva. Stroberi haivundikiki. Ukishaikata kwenye mche, utamu wake umekomea hapo hapo. Rangi huenda ikaongezeka kidogo ikakudanganya, sukari haiongezeki. Ile nyeupe mabegani ikifika Tanga itakuwa nyekundu yenye uchachu, na mteja atasema stroberi za Lushoto si tamu, wakati kosa ni la siku mbili za haraka.

Simwiti yule bwana mwizi. Maisha yake yote amepakia nyanya, kabichi na viazi, na viazi havina kinyongo na gunia. Tena lawama nyingine ni yetu sisi wanunuzi. Tumekulia kwenye lumbesa. Serikali imeikataza, Wakala wa Vipimo wanaifukuza huko masokoni, na bado mtu akipewa kipimo kilichojaa sawasawa ananuna mpaka aongezewe kilele. Mkulima anayejua hivyo ataacha kuishindilia ndoo kwa sababu gani? Lumbesa ya viazi inamuumiza mkulima peke yake. Lumbesa ya stroberi inatuumiza wote, maana zile za juu zinaziua za chini.

Shemeji yangu wa Soni ndiye aliyenitoa kwenye balaa. Aligongelea visanduku vya mbao, kina chake vidole vinne, hakuna zaidi. Chini anatandika jani la mgomba, anapanga safu mbili tu, kila tunda na kofia yake ya kijani. Anachuma asubuhi umande ukishakauka na jua halijawa kali, anachagua zilizoiva nyekundu mpaka kwenye kikonyo, na haoshi. Kuosha ni kazi yangu, dakika ile ile ya kupika. Mzigo wa kwanza wa visanduku ulipofika nilihesabu zilizoharibika. Saba. Kisanduku kinabeba kidogo na nauli yake inauma, lakini nalipa bila kununa, kwa sababu sinunui tena mchuzi.

Kuna mzee barazani kwetu haishi kunicheka kwamba nahangaika na tunda la kizungu. Binti yangu anayesoma kilimo alimjibu vizuri. Hizi stroberi kubwa, alisema, mzazi wake mmoja alitoka Chile, Mfaransa aitwaye Frézier akabeba miche yake mwaka 1714, na huko kwenye bustani za Ufaransa ikachanganyika na jamii nyingine iliyotoka Virginia, Marekani. Hata Wazungu waliletewa. Na muhogo, babu, si ulitoka Amerika ya Kusini ukaja na meli za Wareno? Mzee alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma mkononi, na pilipili. Alitafuna kwanza.

Wateja nao niwaombe jambo moja, wasinifokee wakati wa masika. Mvua ikizidi tunda linashika ukungu wa kijivu likiwa bado shambani, hata kwa wale wanaotandaza majani makavu ili lisiguse udongo. Kipupwe kikianza mzigo mzuri unarudi. Embe tunalisubiri, fenesi tunalisubiri, na kashata ya waridi nayo isubiriwe. Jemu ninayo ya kuwashikiza, ila si nyingi.

Mhariri, siku mkienda tena Lushoto pigeni picha ya kisanduku. Na yule kijana wa kwenye picha, kama gazeti limemfikia, namhitaji kweli, kwa sababu shamba la shemeji ni dogo na mwezi wa Ramadhani mzigo wake haunitoshelezi. Alete visanduku vya vidole vinne siku ya Alhamisi, maana kashata zinatoka sana Ijumaa. Ndoo yake aje nayo tupu. Nina mndimu uani umezaa mpaka unainama, nitamjazia aondoke nazo, na hizo hata akizishindilia hazina neno.

Mpika kashata,
Ngamiani, Tanga