Barua ya wazi kwa vijana wa mikesha: aya ya Marko haitibu presha

Wanangu wa vikundi vya maombi vya jiji hili la Dar es Salaam,

Marahaba kwa shikamoo zote mnazonipa mnapopita kibarazani kwangu Magomeni, Ijumaa jioni, Biblia kwapani na chupa ya maji mkononi, mkienda kukesha. Nawaandikia hadharani, wala simwiti mmoja mmoja pembeni kama ilivyo desturi yangu, kwa sababu jambo lililonikasirisha lilifanyika hadharani, tena kwa kipaza sauti, na wengi wenu mlilipigia makofi.

Mnamfahamu yule mama wa supu na chapati. Sitamtaja jina, na kanisa nalo sitalitaja, kwa kuwa sina haja ya kugombana na mtu mmoja wakati mchezo huu unachezwa kila pembe ya jiji. Mama huyu alikuwa akitumia vidonge vya presha kila asubuhi, na alikuwa mzima, anafanya biashara yake na kusomesha watoto. Kwenye mkesha mmoja aliitwa mbele, akawekewa mikono, akatangaziwa kwamba amepona, kisha akatakiwa kuthibitisha imani yake kwa kutumbukiza dawa kwenye ndoo iliyowekwa mbele ya madhabahu. Walioiona ndoo hiyo wanasimulia kwamba ilikuwa na zile bahasha ndogo za karatasi za zahanati, zilizoandikwa 1 x 1 kwa kalamu ya wino, na kadi za kliniki zilizochakaa kwa kukunjwa. Alitoa ushuhuda, mkashangilia. Haikupita miezi mingi akaanguka jikoni alfajiri akiwa anakanda unga. Leo mkono wake wa kulia haushiki kitu, maneno yanatoka kwa shida, na binti yake wa kidato cha pili ndiye anayeamka kukanda unga kabla ya kwenda shule.

Nilipomwuliza kijana mmoja kati ya viongozi wenu kuhusu jambo hilo, aliniambia kwamba imani ya mama ilitetereka. Mtu amevunjika mwili, halafu analaumiwa kwamba amejivunja mwenyewe! Nikamwuliza ni wapi alikopata uhakika kwamba mgonjwa wa presha anaweza kuacha dawa baada ya kuwekewa mikono, naye bila kusita akanifungulia Marko sura ya 16, aya ya 17 na 18, panapoahidiwa kwamba waaminio wataweka mikono yao juu ya wagonjwa, nao watapata afya. Nikamwuliza kama anajua historia ya aya hizo. Akanijibu kwa heshima zote, “Mzee, Neno ni Neno.” Sikubishana naye siku ile, ila barua hii yote ni jibu la maneno yake.

Hakuna mtu duniani aliye na karatasi aliyoiandika mwandishi wa Injili ya Marko kwa mkono wake. Tulizo nazo ni nakala zilizonakiliwa kutoka kwenye nakala nyingine, kwa mikono ya watu waliochoka, waliokosea, na mara nyingine waliodhani kwamba wanasaidia kwa kuongeza kilichopungua. Nakala mbili kongwe zinazokaribia kuwa Biblia nzima ya Kigiriki ni za karne ya 4. Moja ni Codex Sinaiticus, iliyohifadhiwa kwa miaka mingi kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, na sehemu yake kubwa sasa iko kwenye Maktaba ya Uingereza, London. Nyingine ni Codex Vaticanus, iliyoko Vatican. Zote mbili zinaimaliza Injili ya Marko kwenye aya ya 8 ya sura ya 16, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini wakitetemeka, wasimwambie mtu neno kwa sababu waliogopa. Aya ya 9 mpaka ya 20 hazimo kabisa: Yesu hamtokei mtu, hakuna lugha mpya, hakuna nyoka, wala hakuna mikono juu ya wagonjwa.

Hili halikugunduliwa jana na wapinga dini. Eusebius, askofu wa Kaisaria, aliandika katika karne hiyohiyo ya 4 kwamba nakala zilizo sahihi ziliishia pale kwenye hofu ya wanawake. Ziko nakala nyingine zenye mwisho mfupi ulio tofauti, na nyingine zikaweka miisho yote miwili, kana kwamba mnakili hakutaka kumuudhi mtu. Hata ninyi, bila kujua Kigiriki, mnaweza kuuona mshono: aya ya 9 inamtambulisha Mariamu Magdalene kama mtu mgeni, yule aliyetolewa pepo saba, ilhali ametajwa kwa jina katika aya ya 1 ya sura hiyohiyo. Nisiwe dhalimu: nyongeza hiyo ni ya zamani, kwa maana Irenaeus, askofu wa Lyon, aliinukuu kabla ya mwaka 200. Lakini ukale wa nyongeza hauiondolei kuwa nyongeza.

Wanaosema haya wengi wao ni Wakristo, wasomi wa vyuo vya theolojia, na Biblia nyingi za kisasa zinaweka mabano au maelezo mafupi hapo chini ya ukurasa. Wachungaji waliopita chuoni wanayajua. Ndiyo maana hasira yangu inawapita ninyi vijana na kuwafikia wao, kwa sababu wanayajua Jumatatu na kuyanyamazia Jumapili.

Hebu fikirini mnauziwa kiwanja Goba, na muuzaji anawaonyesha hati yenye ukurasa wa ziada ambao haumo kwenye kumbukumbu za ofisi ya ardhi, na ukurasa huo ndio unaosema kwamba kiwanja ni chake. Hakuna hata mmoja wenu ambaye angetoa shilingi. Kwa nini basi mwili wa mama yule ulistahili uangalifu mdogo kuliko kiwanja?

Tena angalieni jinsi aya ya 18 inavyosomwa nusunusu. Kabla ya mikono juu ya wagonjwa, inasema watashika nyoka, na hata wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru. Katika miaka yote niliyoishi mjini hapa sijamwona nabii hata mmoja akipanda jukwaani na koboko, wala akinywa sumu ya panya mbele ya waumini, wala simwombi yeyote ajaribu. Wanaijua vizuri nusu ya kuachwa. Huko Marekani walikuwapo waliokubali kuibeba aya yote: George Hensley, mhubiri wa Tennessee aliyeeneza desturi ya kushika nyoka ibadani mwanzoni mwa karne ya 20, aligongwa na nyoka akihubiri Florida mwaka 1955, akakataa matibabu, akafa. Yeye alikosea, lakini alikuwa mkweli kuliko hawa wetu, ambao hatari wanamwachia muumini na sadaka wanachukua wao.

Mkiniambia kwamba Marko ni mahali pamoja tu, nitawauliza Neno mnalolisema ni lipi. Mprotestanti ana vitabu 66, Mkatoliki ana 73, na Kanisa la Othodoksi la Ethiopia, ambalo lilikuwapo karne nyingi kabla ya wamisionari kufika pwani yetu, linahesabu 81, kikiwamo kitabu cha Henoko, ambacho waraka wa Yuda wenyewe unakinukuu kama unabii. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama mnavyovijua inaonekana kwa mara ya kwanza katika barua ya Pasaka ya Athanasius, askofu wa Alexandria, mwaka 367, miaka zaidi ya mia tatu baada ya Yesu. Watu walikaa, wakabishana, wakachagua. Sisemi walikuwa wabaya. Nasema walikuwa watu.

Na mkisoma bila kuruka kurasa mtakutana na mengine, ambayo nayataja tu kwa sababu mnaweza kuyathibitisha wenyewe kwa jioni moja. Katika Mwanzo 1 wanyama wanaumbwa kabla ya mtu, na katika Mwanzo 2 mtu yuko kwanza. Katika 2 Samweli 24 Mungu ndiye anayemchochea Daudi kuhesabu watu, na katika 1 Nyakati 21 ni Shetani, tena hesabu zenyewe hazilingani. Yuda anajinyonga kwa Mathayo, ilhali kwenye Matendo anaanguka na kupasuka tumbo. Mathayo anasema Yesu alizaliwa wakati wa mfalme Herode, aliyekufa mwaka 4 kabla ya Kristo, na Luka anaifunga safari ya Bethlehemu na sensa ya Kirenio, liwali wa Kirumi, iliyofanyika mwaka 6 baada ya Kristo. Na Marko 13:30 inaahidi kwamba kizazi kile hakitapita kabla ya hayo yote kutimia. Kilipita.

Wenye umri wangu watadhani nawarudisha kwenye ile mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, ambapo wahubiri wa Kiislamu na wa Kikristo walisimama viwanjani wakirushiana aya, kila mmoja akisaka kosa katika kitabu cha mwenzake na kukifumbia macho cha kwake. Sivyo. Sikuwa na upande kule na sina leo, na majirani zangu Waislamu wasichekelee barua hii, kwa kuwa kipimo ninachokitaka kitumike kwa Biblia nakitaka kwa kila kitabu kinachodaiwa kushuka kutoka juu. Leo naizungumzia Biblia kwa sababu ndiyo iliyofunguliwa mbele ya ile ndoo.

Mimi si muumini, na mnalijua hilo, kwa hiyo sitajifanya. Hata hivyo sijaitupa Biblia yangu. Kitabu cha Mhubiri nakisoma mara kwa mara, na Ayubu anayemhoji Mungu bila woga ni mtu ninayemheshimu kuliko nusu ya wanaomhubiri. Watu wa kale waliandika hofu zao, sheria zao, vita vyao na mapenzi yao, na mengine waliyaandika kwa uzuri usiochuja. Tatizo linaanza mnaposema kwamba kila mstari ni sauti ya Mungu, kwa sababu hapo mnalazimika kukubali pia Kutoka 21:20-21, ambapo bwana akimpiga mtumwa wake kwa fimbo, naye akaishi siku moja au mbili kabla ya kufa, bwana haadhibiwi, maana mtumwa ni mali yake. Someni aya hiyo mkiwa mmesimama Mkunazini, Unguja, ambapo kanisa kuu la Anglikana lilijengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Askofu Steere aliyelisimamia kanisa hilo, naye ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili, alikuwa na aya hizo mezani kwake. Waliotetea utumwa walizinukuu, na waliopinga walichagua nyingine. Kilichochagua kilikuwa dhamiri. Ninyi nanyi mnayo dhamiri hiyohiyo, na mnaitumia kila siku mnapokataa kumpiga mawe mzinzi, isipokuwa mnapofika kwa mgonjwa ndipo mnaizima.

Najua pia kwamba hamkufika hapo peke yenu. Tumewasomesha kwa kukariri, mwalimu akisema mnaitikia, na aliyeuliza “kwa nini” alionekana mkaidi. Mwaka 2011 watu wazima na vyeo vyao, viongozi wa serikali wakiwamo, walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji aliyedai kwamba inatibu magonjwa sugu, kwa shilingi 500, na wagonjwa wengine walifia kwenye foleni ya magari. Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwania kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 jirani zetu Kenya walianza kufukua msitu wa Shakahola na kutoa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Kila mara tunashtuka, tunaunda kamati, tunasahau. Na hospitali zetu nazo zina lawama, kwa kuwa mgonjwa anakaa kwenye benchi tangu alfajiri ili aandikiwe dawa kwa dakika tatu bila kutazamwa usoni, ilhali nabii anamshika kichwa na kumwita kwa jina. Anayejali kwa uongo atampata mtu aliyekosa wa kumjali kwa ukweli.

Ninachowaomba ni haya. Kwenye mkesha ujao, kiongozi wenu asimame kwa kipaza sauti kilekile na kutangaza kwamba hakuna anayeacha dawa za presha, za kisukari, za kifua kikuu wala za kufubaza VVU kwa sababu ya maombi, na kwamba walioacha warudi kliniki hata kama kadi zao ziliishia kwenye ndoo, kwa maana kadi nyingine hutolewa. Ombeni mkipenda, sitamzuia mtu kuomba, na Katiba yetu inawapa haki hiyo katika Ibara ya 19 kama inavyonipa mimi haki ya kutokuomba. Mwondoleeni mama yule ule uvumi wa imani ndogo, mkamwombe radhi nyumbani kwake, mchana, si usiku. Na kwa kuwa ameandikiwa mazoezi ya viungo na hana nauli ya bajaji ya kumpeleka hospitali, itoeni kwenye sadaka ya mkesha, mkamkabidhi binti yake mkononi.

Mzee wenu,
Magomeni, Dar es Salaam